Pwani Kwanza, Zabibu Mwisho: Mwongozo wa Kuzunguka kwa Gari Kutoka Moshi

Mtu wa Moshi akisema anakwenda pwani, mara nyingi ana maana ya kupanda basi alfajiri, kushuka Tanga au Dar mchana, kuoga bahari siku mbili, kisha kurudi kwa njia ile ile. Akienda Dodoma ni kikao, usaili au harusi. Lakini safari hizi mbili zinaungana kwenye mzunguko mmoja: Moshi, Lushoto, Tanga, Pangani, Bagamoyo, Morogoro, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, nyumbani. Ni kama kilomita 1,700, karibu zote lami. Kwa siku tisa au kumi unaumaliza bila kukimbizana na mtu.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni mwelekeo. Anza na pwani, malizia na zabibu. Ukianza Dodoma, utanunua mvinyo halafu utaushusha Bagamoyo na Tanga, ukae siku nne ndani ya gari lililoegeshwa juani. Hapo huna tena mvinyo, una kitu kilichopikwa. Zabibu za kula nazo hazivumilii hata siku mbili za joto la pwani. Ukimalizia Dodoma, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, chupa zinasafiri siku moja tu na kuingia Arusha kwenye ubaridi. Anayeishi Arusha naye ashuke kwanza Moshi, afuate mwelekeo huu huu.

Hatua ya 1: Panga mwezi kwa kufuata zabibu

Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Katika nchi za baridi mzabibu hulala msimu wa baridi na kuzaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na miezi minne hivi baada ya kupogoa anavuna. Mavuno ya kufuata ni yale ya kiangazi, Agosti na Septemba. Yale mengine, ya kuelekea Machi, yanakutana na mvua, na mvua huozesha vichala.

Miezi hiyo ya kiangazi ni mizuri pwani pia. Kusi linapuliza, joto limepungua, na vipande vya barabara ya vumbi vimekauka. Ila kusi hutibua bahari, hasa Julai na Agosti, kwa hiyo mimi huegemea Septemba.

Aprili na Mei achana nazo. Ni masika, na upande wa Dumila maji si ya kuchezea: Januari 2014 mafuriko yaliwahi kubomoa daraja la Magole na kukata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Tena Aprili hadi Juni ni Bunge la bajeti. Vyumba Dodoma vinajaa na bei zinapanda. Ikibidi kwenda wakati Bunge linakaa, weka nafasi mapema sana.

Hatua ya 2: Andaa gari na karatasi

Gari dogo la kawaida linatosha kwa sehemu kubwa ya njia. Kinachotakiwa ni gari zima. Mwambie fundi akague breki kwanza, maana kushuka kutoka Lushoto hakuna mzaha, kisha rejeta na feni, kisha tairi zote pamoja na spea. Hakikisha jeki na wili spana vimo. Beba pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, leseni na bima iliyo hai.

Mafuta yapigie hesabu mwenyewe: gawa kilomita 1,700 kwa kilomita ambazo gari lako linakwenda kwa lita moja, halafu ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya michepuko. Usisubiri taa iwake ndipo utafute sheli.

Kuhusu trafiki, kwenye kibao cha 50 endesha 50 mpaka ukione kibao cha kumaliza. Tochi zipo kila mahali kati ya Moshi na Chalinze, na madereva wanaokuja mbele yako si wote watakaokuwashia taa. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu fedha mkononi.

Usiendeshe usiku. Lori likiharibika barabarani, wengi hukata matawi ya miti na kuyatandika lamini badala ya pembetatu. Mchana ukiona majani mabichi yamelazwa njiani, punguza mwendo mara moja, kuna gari limesimama mbele. Usiku huyaoni hayo majani mpaka umeyakanyaga.

Pakia pia deli kubwa, kanga mbili tatu za zamani, na maboksi matupu ya chupa yenye vigawanyio, ambayo maduka ya vinywaji hutoa bure ukiomba. Na kubalianeni kabla ya kuondoka nani atashika usukani siku ya mvinyo. Mtu huyo siku hiyo haonji hata funda moja.

Hatua ya 3: Moshi hadi Lushoto

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Milima ya Upare itakuwa kushoto kwako muda wote, na upande wa kulia, baada ya Mwanga, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo utalikumbuka ukifika Pangani. Kunywa chai Same. Kutoka hapo hadi Mombo ni mashamba ya mkonge na joto linaloongezeka, kipande cha kupita tu.

Mombo ndipo unapokunja kushoto na kupanda kilomita 33 hadi Lushoto. Barabara ni ya lami lakini nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, na vituko vyake ni kona. Piga honi kila kona usiyoiona mwisho wake. Mwachie nafasi anayepanda akiwa na mzigo. Wakati wa kushuka tumia gia ndogo, usikanyage breki mfululizo, maana breki zikishapata moto hazishiki.

Soni simama uone maporomoko. Karibu na hapo kuna Sakharani, misheni ya watawa wa Kibenediktini wanaotengeneza divai na kulima makadamia. Nunua chupa moja, mnywe jioni hiyo hiyo kwenye ubaridi wa Lushoto. Hiyo ni ya kuonja tu, manunuzi yenyewe yako mbele.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, inafaa usiku mmoja au miwili. Nenda Irente utazame bonde la Mombo chini ya miguu yako, na njiani upitie shamba la Irente ununue jibini na mkate wa shayiri nyeusi wanaouoka wenyewe. Sokoni kuna plamu, pea na pichisi kwa msimu wake.

Hatua ya 4: Tanga

Shuka asubuhi, pitia Korogwe, ufike Segera, ukunje kushoto. Muheza machungwa yamepangwa mafungu kando ya barabara. Nunua, menyeni ndani ya gari.

Tanga ni mji wa kutembea taratibu. Mitaa ni mipana, baiskeli ni nyingi, na watu wanasalimia. Mkonge uliojenga mji huu uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche aliyoagiza ilitoka Florida, Marekani, ingawa asili ya mmea ni Yucatán, Mexico, na iliyosalimika safari ilikuwa 62 tu. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka bandarini. Ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha 1929. Kwa maneno mengine, kahawa ya babu zetu ilitokea bandari hii, na sisi wa Kilimanjaro tuna sababu ya kuitazama Tanga kama mlango wa nyumba yetu.

Asubuhi nenda mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini mwa mji. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yana popo na giza totoro, kwa hiyo vaa raba zisizoteleza na beba tochi yako hata kama kiongozi anayo. Utasimuliwa kwamba pango moja linatokea Kilimanjaro. Sikiliza kwa adabu, hadithi hiyo ni sehemu ya ziara. Ndani utakuta pia sehemu za matambiko ambazo watu bado wanazitumia. Usiguse kilichowekwa pale.

Jioni ni Raskazone, upepo, mihogo na kachori. Ukiagiza samaki wa kupaka, agiza mapema, hapikwi kwa dakika kumi.

Neno moja la adabu linalohusu pwani yote: miji hii ni ya Waislamu wengi. Pensi fupi na nguo za kuogea ziishie ufukweni, mjini jifunge kanga. Wazee waamkie. Pombe kunywa pale inapouzwa, si kibarazani mwa mtu wala karibu na msikiti.

Hatua ya 5: Pangani

Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50. Simama Tongoni, chini ya nusu ya njia. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo zaidi ya ishirini, ya tangu kabla ya Wareno kufika. Mwaka 1498 moja ya meli za Vasco da Gama ilikwama kwenye mwamba jirani na hapa. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini zilizosimama zinatosha kukuonyesha kuwa huu ulikuwa mji wa watu wenye mali.

Pangani ndipo ninapomwambia kila mtu wa Moshi na Arusha alale angalau usiku mmoja, kwa sababu ya mto. Mto huu ni maji yetu. Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu unaleta ya upande wa mashariki, inakutana Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo unashuka kwa jina la Pangani, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani, ndipo unaingia baharini mbele ya macho yako. Simama gatini jioni uangalie mstari wa maji ya kahawia yanapokutana na ya buluu. Madhara ya mfereji unaoharibiwa Machame yanafika hapa, na hapa watu wanalalamika chumvi inapanda mtoni maji matamu yakipungua.

Mji wenyewe una nyumba kongwe za mawe na milango ya kuchonga. Abushiri bin Salim, aliyeongoza pwani kupigana na kampuni ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888, alinyongwa hapa Desemba 1889.

Ukitaka bahari kwelikweli, vuka upande wa pili uende Ushongo, halafu ukodi boti hadi kisiwa cha Maziwe, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kwa hiyo nahodha ndiye anayepanga saa, si wewe. Muulize maji yanakupwa saa ngapi, na kama ni bamvua au maji mafu. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana na mchanga hutokeza vizuri. Ondokeni mapema kabla kusi halijakaza. Jaketi la kujiokolea liwe la kila mtu, na kama hayatoshi, msipande.

Hatua ya 6: Bagamoyo

Ramani itakuonyesha njia ya kufuata pwani moja kwa moja kutoka Pangani kupitia Mkwaja na Saadani. Barabara hiyo imekuwa kwenye ujenzi pamoja na daraja kubwa la Pangani. Waulize madereva wa hapo Pangani kabla hujaamua, na kumbuka kuwa Saadani ni hifadhi ya taifa yenye viingilio vyake. Mwenye gari dogo arudi Muheza, ashike Segera, ateremke hadi Msata, kisha akunje kushoto: kutoka Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64 za lami nzuri.

Bagamoyo ina mengi, na huwezi kuyamaliza. Chagua matatu. La kwanza, misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, na makumbusho yake. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, baada ya kubebwa na Chuma, Susi na wenzao kwa miguu kutoka Zambia ya leo. La pili, magofu ya Kaole kusini mwa mji, msikiti na makaburi ya karne ya 13 na kuendelea. La tatu ni mnada wa samaki.

Mnada unachangamka vyombo vikirudi, mara nyingi kuelekea mchana. Samaki wanamwagwa mchangani mafungu mafungu, mnadishaji anataja bei, wenye ndoo wanaitikia, na kabla hujaelewa fungu limeshauzwa. Usiingilie mwenyewe mara ya kwanza. Simama na mama anayekaanga, mwambie unataka kiasi gani, akununulie na akukaangie, umlipe kazi yake. Ukinunua mwenyewe, fungua matamvua: yawe mekundu, jicho liwe limetuna na kung'aa, na ukibonyeza nyama kwa kidole irudi. Kula hapo hapo. Samaki mbichi asipande gari linalokwenda Dodoma.

Hatua ya 7: Bagamoyo hadi Dodoma

Hii ndiyo siku ndefu, kama kilomita 445. Rudi Msata, Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo, Kibaigwa, Dodoma. Ukiwa na watoto au wazee, lala Morogoro.

Malori ya Zambia na Kongo utakuwa nayo hadi Morogoro. Usilipite lori kwenye mlima kwa sababu tu dereva wake amekuwashia indiketa. Gairo kuna viazi vitamu kando ya barabara. Zaidi ya hapo ni siku ya kuendesha, kusimama kila saa mbili na kunywa maji.

Lakini ujue unafuata njia gani. Misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 iliishia Bagamoyo, ikitoka Ujiji na Tabora na kuvuka Ugogo. Ugogo ilikuwa sehemu iliyoogopwa na wafanyabiashara kwa sababu maji yalikuwa machache na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliotaka kupita na kuchota. Ukishavuka Gairo na miti ikaanza kupungua, ikabaki mibuyu na vichaka vya miiba, utaelewa walikuwa na nguvu gani waliomiliki visima.

Hatua ya 8: Siku mbili za zabibu

Nchi hii hii kame, yenye mvua isiyofikia milimita 600 kwa mwaka, ndiyo inayoupenda mzabibu. Walioanza ni wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana, waliohitaji divai ya altare. Leo zabibu ni zao la biashara la maelfu ya kaya.

Bihawana na Mpunguzi ziko njia ya Iringa, kusini magharibi mwa mji. Hombolo iko kaskazini mashariki, na huko kuna kiwanda cha mvinyo. Makutupora iko njia ya Arusha, na kuna kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo. Siku ya kwanza nenda Bihawana na Mpunguzi. Makutupora iache uipitie siku ya kurudi, iko njiani.

Kiwandani piga simu kabla. Wakati wa mavuno wana kazi nyingi, na mgeni aliyeibuka tu anaweza kukuta geti limefungwa. Shambani ni rahisi zaidi: uliza kijijini, salimia "Mbukwenyi", eleza kuwa umetoka Moshi unataka kuona zabibu. Usichume bila ruhusa hata punje moja. Na usiondoke bila kununua kitu.

Ukishaingia mstarini, angalia nguzo na nyaya zinazoibeba mizabibu. Mwombe mwenye shamba akuonyeshe tawi lililopogolewa na macho yatakayochipua. Kama kipimo cha sukari kipo, omba kuona: wanakamua tone moja la maji ya zabibu kwenye kioo kidogo, wanakielekeza kwenye mwanga, wanachungulia na kusoma namba. Sukari hiyo ndiyo ambayo chachu huigeuza kuwa kileo, kwa hiyo zabibu iliyochumwa mapema inatoa mvinyo mwembamba. Aina mbili utakazozisikia kila mahali ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe. Nyekundu huchachuliwa pamoja na maganda yake, na humo ndimo rangi na ukakasi vinapotoka. Nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatolewa.

Uliza pia habari za soko, na usikilize. Zabibu zote zinaiva kwa pamoja, matenki ya viwanda yanajaa, na zabibu haisubiri. Baadhi ya wakulima wanakamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa lita, ili mazao yasiozee shambani. Mimi naamini sisi wa kaskazini tuna wajibu hapa. Harusi zetu na ubarikio wetu hunywa mvinyo wa kutoka nje kwa maboksi, wakati wa Dodoma uko kilomita 420 tu kutoka Arusha, na mkulima wake anatafuta mnunuzi.

Kuonja kuna mpangilio. Anza na mweupe, fuata mwekundu mkavu, ambao wauzaji wanauita drai, malizia na mtamu. Ukianza na mtamu kama Dompo, ulimi hausikii tena kilicho kikavu, utaona kama siki. Na usihukumu mwekundu mkavu wa Dodoma ukiwa tumbo tupu. Ukakasi wake unataka mafuta ya nyama. Agiza mbuzi choma, kula kipande, kunywa funda, halafu ndipo useme kama unaupenda au huupendi. Mweupe uweke kwenye barafu, uende na kuku.

Ukinunua chupa, hizi ndizo tahadhari ninazozifuata. Nembo ya TBS na stempu ya kodi ziwepo. Usichukue chupa iliyokaa dirishani juani, omba ya ndani ya boksi. Mvinyo uliowekwa kwenye chupa za maji usiusafirishe kabisa: kama bado unachachuka, gesi inajaa na chupa inapasuka garini. Huo kunywa Dodoma, siku hiyo hiyo, kwa mtu unayemwamini usafi wake.

Zabibu za kula ni jambo jingine. Mwulize muuzaji kama ni za mezani au za mvinyo, maana za mvinyo ni ndogo, zina kokwa nyingi na ganda gumu. Tazama kikonyo: kikiwa kijani, zimechumwa jana au leo. Kikiwa cha kahawia na kikavu, achana nazo. Punje nzuri ina utando mweupe kama vumbi la unga, na utando huo usiufute kwa sababu ndio unaoilinda. Inua kichala, ukitikise kidogo. Punje zikidondoka, zimechoka. Onja moja ya chini kabisa ya kichala, kwa kuwa ndiyo inayochelewa kuiva. Ikiwa tamu, zote ni tamu. Nunua jioni ya mwisho au asubuhi ya kuondoka, uzipange kwenye boksi lenye matundu, safu mbili tu, gazeti katikati.

Hatua ya 9: Kondoa, Babati, nyumbani

Toka Dodoma saa kumi na mbili asubuhi. Chupa zilale kwenye deli au kwenye maboksi sakafuni nyuma ya viti vya mbele, zimefungwa kanga, mbali na dirisha. Buti la gari dogo linapata joto sana.

Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo watu wa Arusha walizungukia Chalinze kwenda Dodoma, na ndiyo maana wengi bado hawaijui. Ni nzuri, ina kona na milima kuanzia Kondoa, na magari ni machache.

Kolo, baada ya Kondoa, simama ofisi ya Mambo ya Kale. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na ina mapango zaidi ya 150 yaliyotawanyika milimani. Utalipa kiingilio na kupewa kiongozi. Mwambie una nusu siku, akupeleke Mongomi. Njia ya vumbi inataka gari lililoinuka kidogo. Kama lako ni la chini, mwombe kiongozi akutafutie bodaboda. Kisha mnapanda kwa miguu, hadi kwenye mwamba uliochorwa watu warefu wembamba na wanyama kwa rangi nyekundu. Wenyeji bado wanatambikia hapo. Usiguse michoro, na mtu akikuambia uimwagie maji ionekane vizuri kwenye picha, kataa: maji yamefuta mingi tayari. Gari liache kivulini, na mmoja wenu abaki akiangalia kivuli kisihame, kwa ajili ya chupa.

Kula mchana Babati. Kati ya Minjingu na Makuyuni, hasa eneo la Kwa Kuchinja, punguza mwendo jua likianza kushuka. Ni mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, na tembo havuki kwa kuangalia kulia na kushoto. Panga uwe umefika Arusha kabla ya giza. Wa Moshi mwenye uchovu alale Arusha.

Ukifika, zabibu zitoe kwenye boksi usiku huo huo, uondoe zilizopasuka, uziweke kwenye friji bila kuziosha, na uoshe zile tu unazokula. Chupa za kizibo zilaze kwenye kabati la chini lenye giza, zikae wiki moja kabla ya kufungua ya kwanza.